Siku Wageni Walipowanywesha Ngamia Wetu

Mwaka huo ulikuwa mwaka wa mahindi ya njano. Sisi watu wa ngamia, tuliozoea maziwa asubuhi na maziwa jioni, tuliletewa magunia ya mahindi yenye rangi ya kinyesi cha mtoto mchanga, tukaambiwa hicho ndicho chakula. Mama aliyabandika motoni alfajiri, na adhuhuri bado yaligonga meno kama kokoto. Harufu yake iko puani mwangu hadi leo: gunia lililolala ghalani, vumbi, na dawa ya kuua wadudu ambayo haikuoshwa ikatoka. Ukitaka kujua umri wa mtu wa rika langu, usimuulize alizaliwa tarehe gani, atakudanganya bila kukusudia. Muulize mwaka wa mahindi ya njano alikuwa na kimo gani. Mimi nilimfikia baba kwenye kiwiko. Meno yangu ya mbele yalikuwa yameota upya, na nilikuwa mwembamba kama fimbo ya kuchungia mbuzi. Wembamba huo ndio ulionipa kazi, na kazi hiyo naisimulia kwa kujisifu, kwa sababu niliifanya vizuri na waliokuwepo wanajua.

Kisima chetu kilikuwa upande wa Wajir, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka mjini. Kiliitwa Dhuban, maana yake mwembamba. Kilichimbwa ndani ya mwamba mweupe na watu wa kale ambao wazee wetu huwaita Madanle, watu warefu mno, wanavyosema, waliokuwepo kabla yetu, wakaondoka na kutuachia visima. Ukutani walichonga vishimo vya kukanyagia, kimoja kulia, kimoja kushoto, mpaka chini kwenye maji. Mtu mzima akishuka nusu ya njia, mabega yanakwama. Kwa hiyo siku zote mshukaji alikuwa mtoto wa nyumba, na kwa desturi alikuwa mvulana. Baba hakuwa na mvulana. Alikuwa na mimi, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa bado mgongoni kwa mama. Nilishuka na kusimama majini, nikajaza ndoo ya ngozi, nikapiga kelele, na baba akavuta huku akiwaimbia ngamia wajue kwamba maji yanakuja. Chini kule kulikuwa na ubaridi mtamu na harufu ya chokaa iliyoloa, na mbingu yote ilikuwa na ukubwa wa sahani. Wenzangu waliogopa kisima. Mimi nilijihisi kama mtu aliyepewa chumba chake mwenyewe.

Ngamia wetu walikuwa mbali wakitafuta majani, na zamu yao ya kunywa ilikuwa imefika. Walikuwa hawajaonja maji kwa siku kumi na mbili. Kati yao kulikuwa na jike mmoja tu mwenye maziwa, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakimweka hai mdogo wangu, maana mahindi ya njano hayakumletea mama maziwa kifuani. Jike yule asipokunywa, maziwa yanakatika. Maziwa yakikatika, mtoto anakufa. Hapakuwa na hesabu nyingine.

Jioni ya kuamkia zamu yetu ndipo lori la wageni lilipofika. Lilikuwa wazi nyuma, lina mabenchi, na juu yake walikaa wanafunzi wa nchi mbalimbali, weupe kwa weusi, wamejifunga vitambaa usoni. Mwalimu wao alikuwa mzee mrefu mwenye magoti mekundu. Walikuwa wakizunguka dunia kuangalia vitu vya watu wa kale: walishaona makaburi ya wafalme huko Misri, walishaona kuta za mawe za Zimbabwe na nyumba zilizomezwa na msitu huko pwani, na sasa walitaka visima vya Madanle. Mkalimani wao alikuwa kijana wa Garissa mwenye suruali iliyopigwa pasi na miwani ya jua, ambaye hakuivua hata jua lilipozama. Tuliwakaribisha. Mama aliwapa chai ya rangi, akaomba radhi kwamba haina maziwa. Nao waliinywa kwa adabu, bila kujua ni jambo gani kubwa kwa mama wa Kisomali kumpa mgeni chai nyeusi.

Asubuhi mkalimani akatoa barua ya serikali. Ilisema kisima kifungwe siku tatu, mtu yeyote asichote, ili wageni wapime na kuchimba tope la chini watafute vitu vya kale. Tope la Dhuban ukilitibua, maji hayatulii kwa siku nyingine tatu, na ngamia hawayanywi. Baba alishika karatasi ile, akaitazama upande wa mbele, akaigeuza akatazama upande wa nyuma. Hakujua kusoma, lakini muhuri aliujua. Watu wa umri wake, kule kwetu, walijua muhuri unaweza kumfanya nini mtu na mifugo yake.

"Adeer," mkalimani akamwambia, kwa jina la heshima tunalomwita ndugu wa baba, "si mimi. Ni barua. Ina muhuri."

Mama alikuwa amekaa pembeni, mtoto mgongoni. Akasema bila kuinua kichwa, "Muulize huo muhuri kama unakamuliwa."

Watu wakacheka, lakini baba hakucheka. Kwa mbali vumbi la ngamia lilikuwa limeshaonekana. Baba alinitazama tu. Kwetu baba humwita mtoto wake kwa jina lile lile analoitwa yeye, na kila asubuhi aliniambia, "Shuka, aabo." Asubuhi hiyo hakusema. Nadhani hakuthubutu kusema mbele ya barua. Basi nikajituma mwenyewe. Nikajifunga nguo kiunoni, nikachukua ndoo, nikapita katikati ya miguu ya wageni, nikashuka. Vishimo vile nilivijua kama unavyojua meno yako kwa ulimi.

Mkalimani akainama juu ya mdomo wa kisima, kichwa chake kikaifunika sahani yangu ya mbingu. Akaniamuru nipande. Nikanyamaza. Akaamuru tena, sasa kwa sauti ya mjini. Nikanyamaza. Hapo mwalimu wa magoti mekundu akauliza jambo kwa lugha yake, na kwa wasiwasi uliokuwa ndani ya sauti ile nikajua, bila kuelewa hata neno moja, kwamba mzee wa watu anadhani nimekwama. Wageni ndivyo walivyo: wakiona mtoto ndani ya shimo, fikra yao ya kwanza ni kumwokoa. Sikudanganya. Sikusema nimekwama. Niliwaacha tu waendelee na wema wao.

Wakaleta kamba yao, nyeupe, laini, ndefu kuliko kamba zote za kwetu, imefungwa kitanzi cha kupita kwapani. Wanafunzi wanane wakajipanga kuishika. Kitanzi kilipofika mikononi mwangu, nilikivalisha kwenye mshikio wa ndoo iliyojaa, nikapiga kelele ile ile ya kila siku. Walivuta kwa nguvu za watu wanaookoa roho. Badala ya msichana, ikatoka ndoo.  Baba aliipokea kama kawaida, akaimimina horini, akairudisha kwenye kitanzi, akaiteremsha. Wakavuta tena. Ikatoka ndoo.

Ilipofika ya nne, binti mmoja wa kigeni mwenye nywele za rangi ya majani makavu akaelewa. Alicheka mpaka akakaa chini. Mwalimu hakucheka. Alichukua barua, akamwonyesha mkalimani, na mkalimani akapaza sauti kisimani kwamba mwalimu amekasirika, kwamba nimesikia amri, na sasa natakiwa nitoke.

"Mwambie sijakwama," nikamjibu. "Mwambie avute."

Sikuona uso wa mwalimu, lakini mama aliuona na alinisimulia mara nyingi. Wakati huo huo ngamia wa kwanza walikuwa wamefika horini. Yule jike wetu alitangulia, mbavu zake zinahesabika, akatumbukiza midomo ndani ya maji. Anayejua ngamia mwenye kiu anavyokunywa hahitaji kuelezwa, na asiyejua asimame karibu siku moja asikilize maji yakipanda shingo ile ndefu. Mwalimu alisimama karibu. Akatazama mbavu za ngamia, akamtazama mtoto mgongoni kwa mama, akaikunja barua na kuitia mfukoni. Kisha akavua kofia na kuishika kamba, wa tisa. Mama akawafundisha wimbo wa kunywesha, wakauimba kwa matamshi ya ajabu, na ngamia, ambao si wepesi wa kumheshimu mtu, walikunywa. Tangu wakati huo mpaka jua lilipofika utosini wageni waliozunguka dunia nzima walikuwa wachotaji wetu.

Ngamia wa mwisho aliposhiba, kisima kilikuwa kimekauka mpaka tope la chini likaonekana. Mwalimu akalala kifudifudi mdomoni mwa kisima na daftari lake, akaniteremshia taa, akauliza kwa upole, kupitia mkalimani, naona nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia ninachokijua. Nikamwambia vishimo vya juu vimeachana sana, lazima ninyooshe mguu mpaka paja liume. Lakini kuanzia katikati kushuka, vimekaribiana, vifupi, na unyayo wangu unaingia sawasawa, kidole kwa kidole. Mkalimani akauliza, safari hii kwa ajili yake mwenyewe, nina maana gani. Nikasema maana yangu ni rahisi: juu walichimba wanaume wakubwa, mabega yakakwama, wakamshusha mtoto. Aliyeyafikia maji alikuwa na mguu kama wangu.

Nilipotoka, mwalimu aliniomba niukanyage ukurasa wa daftari lake, akachora kuuzunguka mguu wangu kwa penseli. Ilinitekenya. Mkalimani alivua miwani kwa mara ya kwanza, akatufasiria kwamba mzee huyu amelipa watu wamwonyeshe mawe katika kila pembe ya dunia, wala hakuna aliyemfundisha kama mimi leo. Baba akajibu, "Ni wangu huyo." Hayo tu. Sijawahi kupewa zawadi kubwa zaidi. Hawakuchimba tope. Wakakaa siku zao tatu wakipima kwa kamba, na kila asubuhi walivuta ndoo kwanza. Mdogo wangu alikunywa maziwa akaishi, na sasa ana wajukuu wake huko Lafey.

Leo nakaa Garissa. Watoto wa nyumba yangu wanakula wali na tambi, na mahindi ya njano wanadhani ni chakula cha kuku. Mjukuu wangu Sahra anafundisha historia, na wakati wa likizo huwapeleka wanafunzi wa huku na wa ng'ambo kwenye sehemu za kale. Sehemu ya kwanza katika safari zake ni Dhuban. Tulipotoka umra alinipitisha Misri, ambako kundi lake lilikuwa likitungoja. Nimeyaona makaburi ya wafalme kwa macho yangu haya. Mwongozaji alieleza uzito wa mawe mpaka nikachoka, nikamuuliza wajenzi wote hao walikunywa maji ya nani, na nani aliwachotea. Akaahidi kwenda kuuliza. Wanafunzi wakanipigia makofi. Nilikuwa mtoto wa kushuka kisimani. Sasa napanda ndege na kuwauliza wasomi maswali. Dunia yangu imepanuka namna hiyo, na sioni haya kusema nimeshinda.

Mwezi uliopita walikuja watu wa ofisi fulani, wawili wanaume na mmoja mwanamke, wenye adabu, na faili. Wanataka Dhuban kizungushiwe waya ili safari za masomo ziwe kubwa zaidi, watalii wasikanyage kinyesi, na ngamia wahamie kwenye kisima kipya cha mashine, kile ambacho dizeli ikiisha kinakuwa bomba la kuangalia. Katika wenye kisima mkubwa wao ni mimi sasa. Waliifungua karatasi mbele yangu, wakafungua na kisanduku cha wino wa kutia alama ya kidole. Sahra alikaa kando yangu. Safari zile ni kazi yake, na kwa waya ule angepata wageni mara mbili. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Hakunishika mkono wala hakunisukuma.

Nikawaambia, "Ngamia watakunywa hapa. Kidole changu siweki."

Yule mwanamke wa ofisi akadhani Kiswahili kimenishinda. Akanisogelea, akaanza upya polepole, kama anayemlisha mtoto: kutakuwa na kibao chenye jina langu, kutakuwa na kivuli na kiti changu mwenyewe, wageni watatoka kila nchi kuja kuniona. Nilimwacha amalize, maana ni mgeni. Alipomaliza akakisogeza kile kisanduku cha wino mpaka kikagusa goti langu. Nikafunika kifuniko chake, nikamrudishia.

"Ngamia watakunywa hapa. Kidole changu siweki."