Chuo, Chuo Kikuu na Makofi ya Bibi

Jumanne asubuhi nilikuwa kwenye duka la steshenari karibu na stendi ya Kasulu, nasubiri kuchapiwa barua. Kwenye kaunta alisimama bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, aliyepata nafasi mbili: chuo cha uuguzi Kibondo na chuo kikuu Dodoma. Siku ya mwisho ya kuthibitisha ilikuwa hiyo hiyo, na binti alikuwa anang'ata kucha.

"Kwani vinatofautiana nini?" bibi akauliza.

"Chuo anatoka na stashahada, bibi. Chuo kikuu anatoka na shahada," akajibu dada wa kompyuta.

"Mimi nauliza akirudi. Ataniamkia kwa makofi kama Muha, au atanipungia mkono?"

Dada akaninyooshea kidole. "Muulize huyu, amesoma chuo kikuu."

Bibi akanitazama kuanzia viatu hadi miwani. "Huyu? Amenikuta nimesimama hapa, akapita moja kwa moja kwenye kiti bila kuniamkia." Akamgeukia dada. "Mwandike cha Kibondo."

Nimefanya mitihani mingi, lakini huo ndio wa kwanza ambao nilifeli mimi akaadhibiwa mwingine. Nikainuka, nikainama, nikapiga makofi taratibu kama alivyonifundisha mama: "Mwakeye, bibi. Mwakeye." Naye akaitikia kwa makofi. Tukaulizana habari za nyumbani, za maharage na za ng'ombe, mpaka foleni nzima ikawa inacheka.

"Mwandike hicho kikuu," bibi akasema. "Kumbe kinasahaulisha tu, hakifuti."