Jani Halikuwa na Haraka

Uru, asubuhi ya kuondoka. Tulikuwa tunakwenda Pangani kupumzika, neno ambalo kwetu halina matumizi mengi. Dada yetu Adelina, muuguzi aliyeolewa huko, alikuwa ametualika mara nyingi, nasi tukisingizia kazi ya kahawa. Mwaka ule kahawa haikuwa tena kisingizio, maana majirani walikuwa wakiing'oa na kupanda nyanya. Mdogo wangu Valerian akasema, "Dada, twende tukaione bahari kabla hatujazeeka."

Valerian ndiye kitinda mimba wetu, kwa hiyo kwa mila kihamba cha baba, shamba la ukoo lenye nyumba yetu, kilikuwa chake. Ndiye pia aliyesimamia mfongo, mfereji unaoteremsha maji ya mlimani hadi kwenye migomba yetu. Mama alitusindikiza hadi barabarani. "Matilda, unirudishie huyu," akaniambia. "Jumamosi ni zamu yetu ya maji." Nikacheka. Hadi leo sijui nilicheka nini.

Mjini Moshi tulipita kwenye mitumba, Valerian akachagua kaptula ya kuogelea yenye maua makubwa mekundu. Nilimwambia amefanana na pazia la sebuleni. Akaivaa ndani ya suruali safari nzima, mtu mzima yule.

Korogwe, mchana, basi lilivuka daraja la mto Pangani. Akanigonga begani. "Unayaona maji yale? Ni yetu. Mengine nimeyafungulia mimi mwenyewe." Ni kweli, mito yetu huteremkia humo, na kupitia humo hufika baharini. Alijivuna kana kwamba anakwenda kutembelea mali yake.

Pangani tulifika jioni, tumejaa vumbi. Shemeji Mbaruku, mume wa Adelina, fundi mitambo katika shamba la mkonge, alitupokea kwa samaki na wali wa nazi. Valerian alipomwonyesha kaptula, shemeji alicheka sana, kisha akawa mkali kidogo.

"Shemeji, kesho mningoje nikitoka kazini, tuingie pamoja. Mchana maji yanakupwa, yanarudi nje. Si wakati wa mgeni."

"Mimi nimekulia kwenye maji, shemeji."

"Ya mtoni, ndugu yangu. Yale yana njia moja tu."

Kesho yake tulikwenda ufukweni kuangalia tu. Jua lilikuwa kali. Adelina alikuwa zamu hospitalini. Valerian alivua shati, akavua suruali, akasimama na maua yake. Nikamkumbusha maneno ya shemeji. "Dada, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge," akasema, na kwa kweli alikuwa ameshayavulia.

Hakuingia kijinga. Hili nalisema kwa sababu watu msibani walinong'ona kwamba alikuwa amelewa, na lile neno linanikera mpaka sasa. Aliyasoma maji kama tunavyoyasoma kwetu. Penye povu pana mawe, kila mtu wa mfongo anajua hilo. Mawimbi yalikuwa yanapasuka kulia na kushoto, na katikati palikuwa na njia tulivu, maji yamelala. Akachuma jani la mmea ufukweni, akalitupa pale, kama tunavyopima mfereji kabla mtoto hajavuka. Jani likaondoka polepole kuelekea nje.

"Tazama," akasema. "Hata jani halina haraka."

Akaingia pale palipotulia, akicheka. Maji yalikuwa kifuani mwake alipoacha kucheka. Alianza kupiga mikono kuja kwangu, moja kwa moja, kama mtu anayetafuta ukingo wa mto aushike. Alipiga kwa nguvu zake zote na bado alikuwa anakwenda mbali. Niliingia mpaka kiunoni nikimwita, sijui kuogelea. Aliniita "Dada" mara moja. Halafu niliona maji tu.

Watu walitoka na mitumbwi hadi giza. Shemeji alikuja na ovaroli la kazini, akapiga mbizi mpaka wenzake wakamshika. Usiku alikaa chini sakafuni, akasema bila kunitazama, "Pale palipotulia ndipo maji yanaporudi nje baharini, shemeji. Mkondo hushindani nao. Unajiachia uelee, unakwenda pembeni, sambamba na ufukwe, mpaka ukuachie. Ndipo unarudi." Ni maneno machache. Yangetosha kama tungeambiwa kabla ya kwenda ufukweni.

Tulingoja siku nyingi. Bahari haikutupa kitu.

Kurudi. Uru walikuwa wameshapata habari, na kaburi lilikuwa limechimbwa kihambani, kando ya baba. Mama alinitazama mikono. Nilikuwa na shati, suruali na viatu vya Valerian. Wazee wakasema kaburi halifukiwi tupu, wakalaza gogo la mgomba juu ya nguo zake, mahali pa mwili wake. Katekista akasali.

Nilichojifunza nakiandika kwa ajili ya watu wa mlimani wanaojiandaa kwenda likizo pwani: ujuzi wa maji yako haukufai kwenye maji ya wengine. Mwulize mwenyeji, na akikwambia ngoja, ngoja.

Jumamosi iliyofuata mazishi maji yalifika kwetu, nikayafungulia mimi. Mama akaja na jani la sale, lile tunalompelekea mtu tunapomwomba msamaha.

"Matilda, maji haya yanafika kule?"

"Yanafika, Mama."

Akainama, akaliweka jani mferejini ili bahari imrudishie mwanawe. Likaondoka polepole. Halikuwa na haraka.