Posa Iliyokwama Mbele ya Kamera

Familia nyingi za Ihembe zikipokea posa humwita Mzee Rwegoshora, mkulima wa kahawa, awe msemaji wa upande wa binti. Humwita kwa sababu hasemi asichokikusudia. Kwake, msemaji akishakunywa rubisi, pombe ya ndizi iletwayo na wakwe, na kutamka "tumewapa", binti ameozwa, na neno hilo halirudi kinywani. Tabia hiyo imeadimika siku hizi, nami naisifu.

Kwa hiyo Kokwijuka, binti wa Kayanga anayetengeneza tamthilia za kutazamwa kwenye simu, alipomwomba aigize kumwoza msichana, mzee alikataa. Kokwijuka akamweleza kazi ilivyo. Sehemu zote zilikuwa zimekwisha kupigwa picha isipokuwa ya posa, na kampuni inayozirusha mtandaoni ilikuwa ikisubiri kionjo, kipande kifupi cha kuwavuta watu walipie. Bila posa, hapakuwa na kionjo. Mzee akafikiri, akakubali kwa sharti moja: kibuyuni kuwe na maji. Pasipo rubisi hapana posa, na maneno yake yangebaki mchezo tu.

Siku ya kupiga picha walikusanyika uani kwake. Joyness, bibi harusi wa tamthilia, alifunikwa khanga. Mutabazi, kijana wa Bweranyange, alipiga magoti kama bwana harusi. Celestina, mke wa mzee, ndiye aliyeagizwa kuandaa kibuyu. Lakini aliona aibu wageni kunyweshwa maji nyumbani kwake. Akayamwaga, akajaza rubisi bila kumwambia mtu.

Mzee akanywa, akakishusha kibuyu, akachungulia ndani. Kokwijuka alidhani ameyasahau maneno, akamnong'oneza. Mzee hakuyafuata.

"Hii ni rubisi," akasema, kisha akamgeukia Mutabazi. "Kijana, una mke?"

Mutabazi akaitazama kamera, akamtazama mzee. Hilo hakukaririshwa. "Ninaye, baba. Nikuze wa Bweranyange."

"Sasa hapa unapiga magoti ya nini? Inuka uende kwa mkeo. Binti huyu hatujawapa."

"Afadhali, baba," Joyness akajibu ndani ya khanga. "Huyu hata viatu ameazima."

Ua mzima ukacheka, lakini Kokwijuka hakuizima kamera. Aliketi na waigizaji wakaugeuza na kuupiga picha upya mwisho wa hadithi: mchumba aligundulika kuwa na mke. Kisha akamwomba mzee ruhusa ya kukifanya kipande kile kionjo. Mzee alikitazama, akakirudia akitafuta uongo, hakuuona, akaruhusu. Watengenezaji wengine hutangaza mambo ambayo ndani ya tamthilia hayamo, na huo ni udanganyifu, hata ukichekesha. Hiki kilikuwa kweli tupu, nacho kilisambaa kutoka Kituntu hadi Kyerwa, watu wakalipia wajue ya mbele.

Kule Bweranyange, wanawake walikuwa wakimtania Nikuze kwamba mumewe anaoa kwenye simu. Kionjo kilipomfikia akasikia jina lake likitajwa hadharani, akayajibu matani yao kwa kuwaonyesha wote. Jumapili, baada ya ibada, alifika Ihembe, Mutabazi nyuma yake na mkungu wa ndizi kichwani.

"Shikamoo, baba. Nimekuja na mume wangu uliyenirudishia."

"Marahaba, mwanangu. Mlinde; magoti yake mepesi."

Celestina akatoka ndani na kibuyu cha kuwakaribisha. Mzee alinyoosha mkono akipokee, akausimamisha katikati, akamuuliza kwanza kuna nini ndani.