Karatasi za Madam Amoit

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: njugu zinazokaangwa, na moshi wa malori yaliyopanga foleni kungoja kuvuka mpaka kuingia Uganda. Usicheke nikikuita mwanangu. Najua sijafika hata thelathini, na mvi yangu ya pekee niliing'oa wiki jana. Lakini hapa Malaba mtu akishakosea vya kutosha, ana ruhusa ya kumkalisha mwenzake chini. Kaa basi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na alama zangu tuziache zilale. Nikapata kazi ya kuchapa kwenye saiba, duka la kompyuta karibu na barabara ya malori: barua za kazi, maombi ya basari za karo, matangazo ya matanga. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa na folda niliyoiita Tamu. Kila barua nzuri iliyopita mikononi mwangu nilibakisha nakala humo. Mtu akija na barua yake ya kawaida, mimi nachota aya kutoka Tamu, naweka jina lake, anatoka hapo akitembea kama waziri. Sikuona ubaya. Wachapaji wengi tuliofahamiana hapo mpakani tulifanya hivyo, na mimi nilijiona fundi wa mafundi.

Sasa, kulikuwa na Madam Amoit. Yeye ni mshauri nasaha, na alikuwa na kichumba kando ya maegesho ya malori, viti viwili na jagi la maji, basi. Humo waliingia madereva waliokaa siku nyingi kwenye foleni wakiwaza nyumbani, akina mama wa biashara, na wanafunzi waliovunjika moyo. Mimi mwenyewe niliingia, mamangu alipofariki. Alinisikiliza mpaka nikajisikia mtu tena. Kwa hivyo nilimpenda, na hilo ulishike, kwa sababu kosa langu lilitoka kwenye mapenzi.

Jumanne moja asubuhi aliniletea karatasi nne za daftari, alizoziandika kwa mkono upande mmoja tu.

"Nabwire, naomba tena ile nafasi ya udaktari chuoni," akasema. "Ya kusomea kufundisha washauri wenyewe. Mwaka ule walinikataa. Mlango unafungwa Alhamisi saa kumi na moja jioni, na hawachukui watu kila mwaka."

Mama Nakato, anayeuza njugu mlangoni petu, akadakia, "Nnyabo, ukishakuwa daktari utatudunga sindano?"

"Hapana, mama. Nitafundisha wengine kusikiliza. Mimi peke yangu nimeshindwa na hii foleni."

Tukacheka, lakini yeye hakucheka sana. Akanieleza kwamba barua inatakiwa kusema yeye ni nani na kwa nini anataka kusoma, na kwamba nikimaliza kuchapa nimtumie Mzee Ekisa kwenye simu. Mzee Ekisa alikuwa mwalimu wake wa chuo, aliyestaafu akarudi kulima kwao Chakol. Yeye ndiye angeandika barua ya kumpendekeza. Kisha Madam akakimbilia kazini. Aliniamini.

Nikaanza kusoma. Kizungu chake kilikuwa chepesi hata mimi nilikielewa, na hapo nikaingiwa na wasiwasi. Kwani daktari huandika hivi? Ukurasa wa tatu ndio ulinimaliza. Alieleza habari za dereva mmoja, bila kumtaja jina, aliyepata habari kwenye foleni kwamba mamake ameshazikwa bila yeye. Madam alimwambia ajikaze, Mungu ana mipango. Yule mtu akainuka, akaenda. Madam aliandika waziwazi kwamba siku hiyo alikosea. Alisema mtu analia, na yeye akaharakisha kumfuta machozi kwa sababu yalimtisha yeye mwenyewe.

Nikajiambia, aki huyu mama atajichoma! Nani anaomba nafasi kwa kutaja makosa yake? Nikafungua Tamu. Nikafuta dereva, nikafuta foleni, nikafuta viti viwili na jagi la maji. Nikaweka "uzoefu mpana" na "matokeo ya kupigiwa mfano" na Kizungu kingine kizito ambacho mpaka leo sijui maana yake. Nikamtumia Mzee Ekisa. Na zile karatasi nne, kama kawaida yetu na karatasi zilizokwisha kuchapwa, nikampa Mama Nakato za kufungia njugu.

Alhamisi saa nne asubuhi, bodaboda ikasimama mlangoni. Akashuka Mzee Ekisa na unga wa muhogo kwenye suruali, na Madam nyuma yake akiwa amekunja uso. Mzee akanisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, akaomba kiti. Ndipo akatoa simu.

"Binti, hii barua umeichapa wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Nimeisoma mara tatu. Nimemtafuta Amoit humu ndani, sikumpata. Sasa mimi nimpendekeze nani? Huyu mtu wa humu simjui."

Madam akachukua simu akasoma. Nilimwona akifika pale dereva alipopaswa kuwa. Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Nilitaka upite, Madam," nikasema. "Wasije wakakudharau tena."

"Mwaka ule walinikataa nikiwa nimeandika hivi hivi," akajibu polepole. "Maneno makubwa. Ilinichukua mwaka mzima kupata ujasiri wa kuandika ule ukweli. Leta karatasi zangu."

Mwanangu, hapo nikazikumbuka njugu. Nikaangalia mlangoni. Mama Nakato alikuwa akiviringa karatasi, anatia njugu, anakunja ncha.

Tuliruka wote watatu! "Simamisha, Mama Nakato, simamisha!" Mama wa watu akadhani askari wa kaunti wamekuja kuondoa vibanda, akakumbatia sinia. Tulipomweleza akaanza kumimina njugu kwenye leso yake, akifungua karatasi moja baada ya nyingine. Tukapata ukurasa wa kwanza, wa pili, na nusu ya wa nne. Wa tatu haukuwepo.

"Huo amenunua dereva asubuhi," akasema kwa huzuni. "Lori limeshavuka. Saa hii njugu zimeisha na karatasi imetupwa huko Tororo."

Mzee Ekisa akaniita nikae karibu naye. Maneno yake nimeyabeba tangu siku hiyo. "Binti, Amoit hakuandika majina, na hiyo ndiyo bahati yenu leo. Lakini hata bila jina, huo ni msiba wa mtu umefungia njugu. Karatasi ya mtu ushike kama unavyoshika mtoto wake. Na hilo jingine: ulimwonea aibu mtu unayempenda. Ulidhani hatoshi alivyo, ukamvalisha nguo za wengine."

Nikalia. Madam akavuta kiti akakaa kando yangu, hakuniambia ninyamaze wala nijikaze. Alikaa tu, malori yakinguruma huko nje, mpaka nilipopenga kamasi mwenyewe. Hapo ndipo nikaelewa ukurasa wa tatu. Nilikuwa nimeufuta, na sasa ulikuwa umekaa kando yangu.

"Haya," akasema. "Washa mashine. Mimi niseme, wewe uandike."

Akasema kwa Kiswahili kwanza, macho yameelekea dirishani, kisha tukatafuta pamoja Kizungu chake, Mzee akituzuia kila tuliponogewa. "Hilo neno litoe. Amoit, wewe huwa unasema hivyo? Basi toa." Nikajaribu kuchomeka "uzoefu mpana" kwa mazoea, wote wawili wakaguna. Stima ikapotea saa nane, kompyuta zikazimika, ikarudi saa kumi kasoro, na muda huo wote Mama Nakato akitulisha njugu zisizo na karatasi. Mzee akaandika barua yake palepale, akaichapa kwenye simu kwa kidole kimoja, akaituma. Saa kumi na dakika arobaini nikabonyeza. Ikaenda.

Walimwita kwa mahojiano. Aliniambia kwamba walimu wale walikuwa na maswali mengi, lakini waliloanza nalo lilikuwa la dereva: baada ya siku ile, umebadilisha nini? Akawajibu bila kutafuta maneno, maana hilo alikuwa akiliishi kila siku kwenye kile kichumba. Wakamchukua. Sasa anakaribia kumaliza, na kila likizo anarudi na wanafunzi wawili au watatu, wanakaa Malaba wakijifunza kusikiliza foleni.

Na Tamu? Niliifuta jioni ileile. Mwezi uliopita nimejaza fomu yangu mwenyewe, ya cheti cha ushauri nasaha. Palipoulizwa kwa nini nataka kusoma, niliandika kwamba niliwahi kufuta machozi ya mtu kwenye barua kwa sababu niliyaonea aibu. Bado hawajajibu. Nangoja na furaha yangu, si unaniona.

Basi, mwanangu, wewe uliyeshika kalamu mbele ya fomu, nisikie. Usiazime maisha ya mtu mwingine ili upite. Ukipita nayo, utaishi humo ndani kama mgeni. Andika ulichofanya, na pale ulipokosea andika ulivyojifunza. Mpe barua yako mtu anayekujua vizuri aisome, akisema hakuoni humo, anza upya bila kununa. Ukimsaidia mtu unayempenda, muulize kabla ya kumrekebisha. Na habari ya mtu ikifika mkononi mwako, iwe kwa sauti au kwa karatasi, ilinde.

Mungu akufungulie mlango unaoubisha, na siku utakapofunguliwa akukute umesimama hapo ukiwa wewe. Kalamu yako isikauke. Watakaokusoma wakuone, na wakikuona wakupende. Nenda, mwanangu, saa kumi na moja haijafika.