Majina Kumi na Saba ya Kaku

Wiki tatu kabla ya levée de deuil ya babu, nilikuwa najua majina matano tu kati ya kumi na saba, na hayo matano niliyajua kupita kiasi. Niliweza kuyasema nikiosha sahani, nikiwa na mswaki mdomoni, nikiwa na homa. Jina la sita lilikuwa ukuta.

Levée de deuil ni siku ya kumaliza kilio. Familia inavua nguo za msiba, watu wanakula pamoja, na kwetu, Waluba wa Kasai ambao babu zetu waliletwa Likasi kufanya kazi ya migodi, mtu mmoja anasimama na kusema kasala. Hayo ni majina ya wazee wa ukoo pamoja na sifa zao: huyu alivuka mto gani, yule alikataa kumpigia nani magoti, nani alimzaa nani. Inasemwa kwa Tshiluba, na bila karatasi. Kaku, yaani bibi yangu, ndiye aliyeisema kwenye vilio vyetu vyote, lakini sasa pumzi yake inakatika akiwa amesimama. Tonton, mtoto wake wa kwanza, alikuwa amekwisha kutoa uamuzi: kama hakuna wa kuisema, tutaweka nyimbo za kanisa kwenye baffle, yaani spika kubwa, na mambo yataisha. Na yangeisha kweli, maana baada ya Kaku hakuna mwingine anayeijua.

Kaku akanichagua mimi. Nadhani ni kwa sababu mimi siwezi kusema hapana bila kuumwa na tumbo.

“Huyu?” Tonton akacheka mbele ya wote. “Huyu Tshiluba yake ni ya kuomba chumvi.”

Alisema kweli, na ndicho kilichoniudhi.

Lazima nikiri jinsi nilivyo. Kazi yangu ni kuchapa barua na CV za watu, na naweza kuchapa upya ukurasa mzima kwa ajili ya mkato mmoja uliokaa vibaya. Nikipewa jambo, kwanza nasoma jinsi jambo hilo linavyofanyika. Kwa hiyo kabla ya kujifunza hata jina moja, nilipoteza wiki nzima nikisoma kwenye telefone jinsi ubongo unavyokumbuka. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma, sikuelewa, nikasoma tena.

Nilichoelewa ni hiki. Seli za ubongo hazishikani kabisa. Kati ya moja na nyingine kuna nafasi ndogo sana, na ujumbe unavukia hapo, kwenye maungio yanayoitwa sinapsi. Seli mbili zikiwaka pamoja mara nyingi, ungio lao linapata nguvu. Zikiachwa, linalegea. Kumbukumbu basi si karatasi iliyofichwa mahali fulani kichwani; ni nguvu ya maungio hayo. Tena ubongo una midundo yake. Unapojifunza ukiwa macho, sehemu moja iliyojikunja ndani, hipokampasi, hupiga mawimbi yanayosaidia kupanga mambo kwa mfuatano, hili mbele ya lile. Ukilala usingizi mzito, mawimbi makubwa ya polepole hupita, na ndani yake milipuko mifupi ya haraka ambamo ya mchana yanarudiwa upesi upesi, mpaka yanashikwa na sehemu nyingine za ubongo pia.

Nikafurahi sana. Nikajitengenezea utaratibu: somo kwa Kaku saa nane mchana, kisha usingizi papo hapo, kwenye kiti chake kirefu, ili mawimbi yafanye kazi yake.

“Unakuyaka huku kujifunza ao kulala?” Kaku akauliza siku ya pili.

“Kaku, usingizi njo unashikisha maneno.”

“Minye nilijifunza na mutoto ku mugongo na moto ku jiko. Nani alinipatia kiti ya kulala?”

Nilifumba macho hata hivyo. Malori ya madini yalipita yakitoka upande wa Kamatanda, vioo vya dirisha vikatetemeka. Jirani alikuwa anachomelea mlango wa chuma. Kaku, kwa makusudi kabisa, akaanza kumwaga maharage kwenye sahani ya bati. Nililala pale nusu saa nikisikiliza moyo wangu na kuhesabu mawimbi ambayo hayakuja.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa la usingizi. Lilikuwa la daftari.

Niliandika kila neno alilosema Kaku, kwa kalamu ya buluu, majina kwa nyekundu. Na Kaku hasemi mara mbili sawasawa. Leo mzee wa nne anavuka mto kwa mtumbwi, kesho anauvuka kwa miguu. Kila alipoachana na daftari, nilimkatiza.

“Kaku, jana ulisema mtumbwi.”

“Acha nimalize kwanza!”

“Lakini ni mtumbwi ao miguu?”

“Umenipoteza. Naanzisha tena.”

Na alianza kweli tangu juu, jina la kwanza, kwa sababu hawezi kuingilia katikati. Kila jina linavutwa na lililotangulia. Nilipomwomba anipe jina la tisa peke yake alinitazama kana kwamba nimemwomba anipe ngazi ya tisa bila nyumba.

“Weye na mukanda yako ya buluu,” akasema, akionyesha daftari; mukanda kwake ni kitabu. “Utamaliza kilio ya bantu bote mbele ya kumaliza jina ya kumi.”

Nilikwenda nyumbani nimekasirika. Nilikasirikia malori, na jirani, na Kaku mwenyewe. Kisha nikafungua daftari na kutazama alama nilizoweka kila niliposikia jina. La kwanza lilikuwa limejaza ukurasa. La tano vilevile. La tisa lilikuwa na alama nne. La kumi na saba halikuwa na hata moja.

Niliona aibu nikiwa peke yangu. Mimi niliyesoma yote yale juu ya maungio yanayopata nguvu kwa kurudiwa! Kila nilipomkatiza, nilimrudisha mwanzo, na nikajijengea mwanzo mnene kama barabara ya lami unaoishia porini. Hata ningelala kama mtoto mchanga, usingizi ungerudia nini? Haurudii kile ambacho hakikuingia.

Kesho yake niliacha daftari nyumbani. Kaku alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikaketi, nikaziba mdomo wangu kwa mkono, kweli kwa mkono, na kumwacha apite. Mzee wa nne alivuka mto kwa mgongo wa ndugu yake. Nikaukaza mkono zaidi. Kaku akafika mwisho. Ndipo nikasikia kitu ambacho daftari lilikuwa limenizuia kusikia: sifa zinabadilika apendavyo, lakini mfuatano wa majina haubadiliki kamwe. Baba, kisha mtoto, kisha mtoto wake. Nikaanza kusema naye, nyuma yake kidogo. Mchi ulinisaidia, ingawa sitaki kujidanganya: mdundo wa mchi na mawimbi ya ubongo ni vitu viwili tofauti. Siku nyingine nilisema peke yangu, bila kusikiliza kwanza, na palipokatika ndipo niliporudia. Usingizi niliuacha kwenye kitanda changu, saa zake za kawaida.

Siku ikafika. Kaku alikaa mbele, Tonton akasimama na telefone yake kupiga video. Nilianza na sauti nyembamba ya kuudhi. Kufika jina la saba wanawake wakapiga vigelegele, nami nikalewa kidogo na vigelegele hivyo. Nilikuwa kwenye jina la kumi na nne nilipogundua kwamba nimegeuza la kumi na mbili na la kumi na tatu. Nilikuwa nimemfanya mtoto amzae baba yake. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Nikaendelea, nikamaliza. Watu walipiga makofi. Tonton alifuta macho. Hakuna aliyesikia kosa, kwa sababu, mbali na Kaku, hakuna aliyejua.

“Umefika ku mwisho,” Kaku akasema. Basi.

Wiki mbili baadaye nilimkuta anachambua maharage na kuisema kasala kwa sauti ya chini. Jina la kumi na moja. La kumi na tatu. La kumi na mbili.

“Kaku! Mutoto hawezi kuzaa baba yake.”

“Njo vile ulisema ku kilio.”

“Nilikosa!”

“Bantu bote balisikia. Tena iko mu telefone ya tonton yako. Ananiwekeaka kila siku.”

Nilikuwa nimesoma hilo pia: kumbukumbu ikiamshwa inaweza kulegea kidogo kabla ya kukaza tena, na kinachosikika wakati huo kinaweza kufungwa ndani yake. Kila siku Kaku aliamsha kasala yake, na kila siku sauti yangu ilimtia kosa langu. Nilikuwa nimepewa kitu kizima nikitunze, na wa kwanza kukivunja alikuwa mimi, ndani ya kichwa chake yeye.

Nikamwomba Tonton aifute video. Amekwisha kuituma, akasema, Kolwezi, Mbuji-Mayi na Ubelgiji. Nikajirekodi upya, mfuatano sahihi, mara kumi na moja mpaka nikaridhika na pumzi zangu, nikaituma kwenye kundi la familia. Binamu wa Kolwezi akajibu kabla sijaweka telefone chini: ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi, hii ya pili umechanganya majina.

Nilikuwa bado kwa Kaku; nilipiga kelele hadi jirani yake akazima mashine ya kuchomelea.

Sasa naenda kwa Kaku kila siku nikitoka kazini. Sikosoi kitu. Naketi, nashika upande wangu wa sahani ya maharage, na kusema naye majina yote kumi na saba kwa sauti kubwa kuliko yake, baba mbele ya mtoto, kabla Tonton hajafika na telefone.