Siku Niliyosahihisha Mtihani wa Watawa

Wiki iliyopita nilisahau wali jikoni. Niliporudi, chini ya sufuria kulikuwa na ukoko mweusi unaofuka moshi. Watoto wangu walikimbia nje wakikohoa, wakisema nyumba inanuka moto. Mimi nilibaki pale nimeshika mwiko, kwa sababu pua yangu ilikuwa imenusa kitu kingine. Ilikuwa imenusa wino.

Kwetu Lubunga, mtaa wa Kisangani, Papa alikuwa akichoma mchele makusudi. Aliuchoma mpaka ukawa kama mkaa, akausaga, akauchanganya na maji na utomvu kidogo wa mti. Huo ndio ulikuwa wino wetu. Mchana Papa alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikaa barazani. Jioni alifundisha Kurani watoto wa mtaa, kazi aliyoirithi kwa baba yake, ambaye naye aliirithi kwa watu waliokuja Kisangani zamani na misafara ya biashara. Ufundishaji wake ulikuwa mmoja tu. Uliandika ubaoni, ukasoma kwa sauti huku mwili unayumba, ukarudilia mpaka kinywa kikajua bila msaada wa macho. Ndipo ukaosha ubao na kuandika kipande kingine. Aliyebadilisha herufi moja alianza upya, hata kama jua lilikuwa linazama na harufu ya pondu, kisamvu cha mama yake, inamwita.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikimaliza darasa la sita. Ng'ambo ya mto, upande wa mjini, kulikuwa na shule ya wasichana ya watawa, nayo haikuchukua mtu bila mtihani wake yenyewe. Nilikuwa naitaka shule ile kuliko kitu chochote. Niliwahi kuwaona wasichana wake wakishuka sokoni na soksi nyeupe, wakizungumza Kifaransa kwa haraka kama watu wanaogombana, na nikaamua kwamba nami nitagombana hivyo.

Lakini Tante Mwamini, dada mdogo wa Papa, alikuwa amekuja kutoka Ubundu na kukaa juma zima, na kila siku alisema neno lile lile.

"Yaya, kaka yangu, huyu mutoto amesoma ya kutosha. Unipatie yeye, anisaidie na samaki."

"Afanye kwanza mutihani," Papa alijibu bila kuinua macho kwenye kitambaa.

"Na akianguka?"

Cherehani ilisimama. "Akianguka, utamubeba."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, barazani, mbele yangu. Jaribio moja. Dada yangu mkubwa alikuwa ameshachukuliwa hivyo hivyo na jamaa, akaenda na kikapu cha nguo, na barua zake tatu za kwanza zilikuwa pia za mwisho.

Rafiki yangu Furaha naye alikuwa anajiandaa. Wazazi wake walikuwa watu wa Kivu ya Kaskazini wenye duka la jumla mjini, na kwa upande wake kulikuwa na mwalimu aliyekuja nyumbani kila alasiri. Sisi hatukuwa na mwalimu. Furaha alituazima kitabu cha mitihani ya miaka iliyopita, kurasa za fotokopi zilizoshonwa kwa uzi, maswali upande mmoja na majibu upande mwingine. Papa alikipokea kwa mikono miwili. Alikipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Bon," alisema. "Kumbe yote iko humu ndani."

Akachukua ubao.

Nadhani mnaona tayari tulikokuwa tunaelekea. Sisi hatukuona. Papa hakuwahi kukaa kwenye dawati la shule ya Kifaransa. Alisoma herufi zake vizuri, lakini mtihani pekee aliowahi kuufanya maishani ulikuwa wa kusoma mbele ya mashehe kitabu ambacho hakijabadilika. Kwa hiyo kila jioni, watoto wa Kurani walipotoka, mimi nilibaki. Niliandika hesabu za watawa kwa wino wa mchele, nikayumba, nikaimba. Mkulima ana shamba lenye urefu wa mita themanini na upana wa mita arobaini na tano, uzio wake ni mita ngapi? Mia mbili na hamsini. Tanki la lita mia sita linajazwa na bomba la lita kumi na mbili kwa dakika, litajaa kwa muda gani? Dakika hamsini. Niliwahi kukosea nikaimba sitini. Papa aligonga ubao kwa kidole.

"Mama, hapana. Usibadilishe. Kitabu ndicho kinajua." Aliniita mama kwa sababu nilibeba jina la mama yake, Zaina. "Rudilia."

Mama yangu alipita na ndoo akacheka kwamba hata kuku wa nyumba sasa wanajua eneo la mstatili. Nilirudilia hadi nikaota nambari. Nisieleweke vibaya: kuhesabu nilijua. Shuleni nilikuwa wa pili. Lakini kufikia wiki ya mwisho, kinywa changu kilikuwa kinafika kwenye jibu kabla kichwa hakijaondoka nyumbani.

Asubuhi ya mtihani tulivuka kwa mtumbwi, Papa katika kanzu yake ya Idi, mimi nikiwa na penseli mbili alizozichonga kwa wembe wa kazini. Aliniacha kwenye lango. Darasani nilifunua karatasi, na moyo ukaruka kwa furaha. Mkulima alikuwepo! Tanki lilikuwepo! Hesabu kumi, na sita kati yake nilizijua kama jina langu.

Halafu nikaona kitu cha kuhuzunisha. Waliochapa karatasi walikuwa wamekosea. Shamba la mkulima walikuwa wameandika mita tisini. Tanki walikuwa wamelipatia lita mia saba na ishirini. Niliwaonea haya watawa. Kwa utulivu wa mwanafunzi mwema nilichukua penseli, nikakata tisini, juu yake nikaandika themanini kwa mwandiko mzuri, kisha chini nikajaza: mia mbili na hamsini. Nilifanya hivyo mara sita. Nilitoka wa kwanza.

Furaha alinikuta uani chini ya mabati.

"Weye, ile ya uzio ulipata ngapi?"

"Mia mbili na hamsini."

"Mbona mimi niko na mia mbili na sabini?"

"Walikosea kuandika. Mimi nilirekebisha."

Furaha alinitazama. Kisha akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Yesu Maria! Zaina! Ulikosoa karatasi ya ma sœur?" Akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaona uso wangu, akaacha.

Majina yalibandikwa siku tisa baadaye. La Furaha lilikuwa la nne. Nilisoma orodha kutoka juu, kisha kutoka chini, kisha kwa kidole. Nyumbani Tante Mwamini alikuwa amerudi kutoka Ubundu na ameshaanza kukunja nguo zangu, bila ubaya, kama mtu anayesaidia. Nilimweleza Papa jinsi nilivyoirekebisha karatasi; aliniuliza jambo moja tu, kama Furaha bado anakumbuka nambari zake. Akaenda kwao mwenyewe. Kesho yake asubuhi alivaa tena kanzu ya Idi, akanishika bega, tukavuka.

Mtawa mkuu alitupokea ofisini. Kwenye meza ya pembeni alikaa karani mwenye miwani, akipiga mihuri. Papa hakuketi. Alifungua kitabu cha fotokopi kwenye ukurasa wa mkulima na kukiweka mbele ya mtawa.

"Ma sœur, huku iko themanini. Kwenu iko tisini. Mutoto aliona kwamba karatasi ilikosea, akairekebisha. Mimi ndiye nilimufundisha hivyo. Yeye hana kosa."

Muhuri wa karani ulisimama hewani. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na sauti ikamtoka puani. Mtawa hakucheka, lakini alifunika mdomo, na kwangu ilikuwa ni kitu kimoja. Nilimtazama Papa. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu asiyeelewa kinachochekesha. Nilitamani sakafu inimeze, na imeze ile miwani pia.

"Kwa hiyo anajua kuhesabu?" mtawa aliuliza.

"Anajua sana."

"Alors, tuone. Papa, usiseme kitu." Akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya upole, hilo lazima niliseme. "Shamba lina urefu wa mita sabini, upana wa mita thelathini. Uzio ni mita ngapi?"

Mia mbili. Nilikuwa nalo kabla hajafunga mdomo.

Papa alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake. Karani alisubiri, kicheko kingine tayari kooni. Nikaona kwamba nikisema mia mbili, nitakuwa nimesema mbele ya wote kwamba baba yangu ni mjinga. Nitakuwa nimehamia upande wa miwani.

"Mia mbili na hamsini," nilisema.

"Fikiri vizuri, mutoto wangu."

"Mia mbili na hamsini. Ndivyo kitabu kinasema."

Mtawa alingoja kidogo, kisha akafunga faili.

Miaka mitatu niliuza samaki Ubundu. Nilirudi shuleni nikiwa mkubwa kuliko darasa zima, na hiyo ni habari nyingine. Nilikuwa tayari nina watoto wawili Mama aliponiambia, tukichambua mchele, kwamba baada ya kutoka kwa kina Furaha, Papa alikaa na nambari mpya na kuzikokotoa zote sita kwenye karatasi ya kukatia nguo. Alipata majibu yote sahihi. Kisha akamwambia Mama, "Nimemuharibia mutoto. Kesho naenda kujifanya mujinga mbele yao. Mutu mujinga, watu wanahurumia mutoto wake."

Alikuwa anajua. Kitabu, tabasamu, kanzu ya Idi, vyote alivipeleka pale ili wamcheke yeye na mimi niulizwe swali moja.

Siku ile, tukirudi, kwenye mtumbwi alinishika mkono tangu tulipokaa mpaka tulipogusa Lubunga. Hakuwa amefanya hivyo tangu nianze shule. Nilikaa wima, nimejaa fahari, nikidhani ananishukuru.