Abiria wa Tatu

Pale Lidcombe, huko Australia, nyuma ya stesheni, kwenye jengo la matofali mekundu lenye masanduku ya barua kumi na mawili, anakaa mama mmoja mnene aitwaye Nsimire. Kazi yake ni kuogesha wazee, kuwalisha, kuwabembeleza na kuwadanganya. Hiyo ya kudanganya hakuajiriwa nayo, anaifanya bure. Aliwaambia wazee wa makao anamofanya kazi kwamba alipokimbia vita vya Kongo, injini ya boti ilizimika katikati ya Ziwa Tanganyika, naye akapiga kasia kwa sufuria mpaka Kigoma. Mwaka uliofuata sufuria ikageuka mwiko wa ugali. Mwaka wa tatu akatokea mamba, mkubwa kama behewa la treni, akaisukuma boti kwa pua, na walipofika ng'ambo akadai ugali wa moto, akapewa, akashukuru kwa Kiswahili cha Bukavu. Wazee walicheka mpaka meno ya bandia yakawatoka.

Mamba huyo ndiye aliyemponza.

Kwenye makao hayo alikuwako nesi mmoja Mkenya, Wangari, ambaye Nsimire alimwita Mama Njenga, mkaazi wa Quakers Hill, rafiki yake wa miaka kumi na miwili. Wangari aliwahi kumuuguza mzee mmoja mzaliwa wa Talini, mji wa kaskazini kabisa ya dunia, na yule mzee kila akiogeshwa alisimulia kuta za mawe za mji wao na minara yenye kofia nyekundu. Kabla hajafa, Wangari alimwahidi kwamba siku moja ataenda kuzigusa hizo kuta kwa niaba yake. Sasa kustaafu kumekaribia, na ahadi ikaanza kumwasha.

"Mama Généreuse," alimwambia Nsimire, maana ndivyo alivyomwita, kwa jina la binti yake, "kuna meli inazunguka ile miji ya kale yote. Chumba ni cha watu wawili. Mimi maji huniogopesha, lakini nikilala karibu na mtu aliyesukumwa na mamba, kwani nitaogopa nini?"

Nsimire akacheka kicheko kikubwa, akasema, "Twende!" Angesema nini tena, na mamba keshamfuga mwenyewe?

Toka siku ile hofu ikahamia kwake kama mpangaji. Akiwa chumba cha kufulia, akitazama kile kidirisha cha duara cha mashine, aliona maji yakipanda kwenye kioo na soksi za wazee zikielea, akajiona yuko ndani ya meli anachungulia. Nywele zikamsimama, na zenyewe ni za wigi.

Jumamosi moja akapanda treni mpaka Quakers Hill wakapange safari. Wangari alikuwa ametandaza meza nzima: ramani, kitabu cha picha, daftari, na miwani mbili kwa sababu moja hupotea.

"Kopenhageni tunapanda meli," Wangari akaanza, kidole juu ya ramani. "Tunaenda Lubeki, ambako walikuwa wakiweka chumvi kwenye maghala, miaka mamia na mamia. Halafu Gdansk. Halafu Riga. Halafu Talini, kwa mzee wangu. Tunamalizia Stokholmu."

"Yote iko kando ya maji?"

"Ulitaka meli ipite kwenye lami?"

"Na hao wa Gdansk, banakula nini?"

"Samaki."

"Wa maji ya baridi? Hao wana macho ya huzuni, miye siwezi kuwala."

"Si utakula kuku, mama."

"Na kuta za Talini, walijengea nini?"

"Kuzuia maadui."

"Umeona sasa! Miye maadui nimewakimbia kwa miguu, we' unanirudisha kwao kwa meli?"

Wangari alicheka akamwongezea chai. Kisha akavaa miwani, akasoma masharti polepole, akiyageuza Kiswahili. Kwenye kila mji watashuka asubuhi na kutembea. Saa kumi na nusu lazima kila mtu awe amerudi. Meli haisubiri.

Kikombe kikagonga kisahani.

"Haisubiri hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ikipiga honi imeenda."

"Hata kama mtu ameenda kuleta maji?"

Wangari akamtazama juu ya miwani. "Maji ya nini, na meli ina mpaka bwawa la kuogelea?"

Nsimire akasema alikuwa anatania. Akachukua fomu ya majina, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mkoba. Ndani ya treni ya kurudi alishika ule mkoba kwa mikono miwili, kama umebeba kitu kinachoweza kuruka.

Lazima nieleze kitu hapa, kwa yule ambaye hajakaa kambi ya wakimbizi. Kambini karatasi ndiyo mtu. Jina likiwa kwenye orodha, unga unatoka, turubai linatoka, hata Australia inatoka. Likikosekana, simama mbele ya karani upige kelele upasuke, wewe ni hewa. Kwa hiyo hakuna aliyeacha jina la mtu wake nje. Aliyekuwa shambani aliandikwa. Aliyekuwa hospitali, jirani alimwitikia. Na aliyepotea ndiye aliyeandikwa kwa herufi kubwa kuliko wote, maana orodha ndiyo mlango pekee aliobakiziwa. Nsimire aliandika fomu hivyo kambini Tanzania, akaandika hivyo kanisani Auburn, akaandika hivyo kwenye sanduku lake la barua. Mkono ulishazoea. Jumapili jioni akaijaza fomu ya meli, akaipiga picha kwa simu, akaituma kwa Wangari, naye Wangari akaipeleka kwa wakala wa safari bila kuisoma.

Alhamisi, Wangari aliingia chumba cha kufulia akafunga mlango kwa kisigino.

"Mama Généreuse, wee! Msichana wa wakala amenipigia. Anasema chumba chetu kina watu watatu. Ati wa tatu ni mwanamume, anaitwa Cirhuza, na hana pasipoti. Unaniletea bwana kitandani, na mimi nikiwa na goti bovu? Nilale wapi, kabatini?"

Nsimire alikuwa anaandika jina la mzee mmoja kwenye kola ya shati, kwa ile peni nyeusi ambayo hata ufue mara mia haitoki. Peni ikasimama. Wangari alikuwa anacheka, halafu akaacha kucheka.

"Anataka kujua kabla ya kesho mchana," akasema, sauti imeshuka. "Ama atoe pasipoti, ama umkate jina. Bila hivyo chumba kinaenda. Ni nani, dada?"

Nsimire alifungua mdomo, na mamba akaja mpaka ulimini, na mkia wake na behewa lake. Akamrudisha.

"Hakukuwa na mamba, Mama Njenga," akasema.

"Hilo najua."

"Cirhuza ni mdogo wangu. Fundi seremala, alikuwa anataka kuoa. Tulikuwa mji wa Baraka, ufukweni mwa ziwa, asubuhi, watu wengi kupita boti. Nikamwambia rudi nyuma ulete kidumu cha maji ya kunywa, watoto watakauka njiani. Akakimbia. Mwenye boti akaanza kuita majina. Nikaogopa nafasi yake itapewa mtu mwingine. Alipoita Cirhuza, nikasema: yupo."

Mashine ilikuwa inazunguka.

"Nilijua nitamwona saa ileile. Risasi zikalia mlimani. Mwenye boti akajua tumetimia, maana mimi ndiye niliyemwambia tumetimia. Akawasha injini. Haikuzimika hata mara moja, Mama Njenga. Ningekuwa namshukuru Mungu hata leo kama ingezimika."

"Ulimwona?"

"Nilimwona. Kidumu mkononi. Anakimbia pembeni ya maji, anaita boti kwa jina langu."

Wangari alivuta kapu la taulo, akaketi juu yake, akaanza kukunja taulo moja ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Kisha akasema, "Kwenye hiyo meli hawaiti majina."

"Wanafanyaje?"

"Kila mtu ana kadi. Ukishuka unaigusisha kwenye mashine, inalia tii. Ukirudi, tii. Kama hujarudi, mashine inajua uko nje."

"Na mtu akikuitikia?"

"Nani atakuitikia? Mashine haina jirani. Ukiiambia 'yupo' itakutazama tu."

Nsimire akalifikiria hilo, midomo ikichezacheza. "Hakuna mtu anaweza kukusemea upo."

"Hakuna."

"Na nikichelewa miye? Nikipotea kwenye hizo kuta zako?"

"Nitasimama kwenye ngazi. Mguu mmoja gatini, mwingine melini. Waondoke waone."

"Watakupasua vipande viwili."

"Wacha wanipasue. Pale Talini nina mzee wangu, watu wake watanizika."

Nsimire alicheka na kulia pamoja, na wigi ikasogea.

Lakini Ijumaa, fomu ilipokuwa mezani kwenye chumba cha chai na saa sita imekaribia, mkono wake haukusogea. Alikuwa ameibeba ile peni nyeusi. Miaka yote hii hajawahi kumkata Cirhuza popote, na mwili mzima ulimwambia akipitisha mstari juu ya lile jina, huko alipo mtu ataanguka. Wangari alisimama dirishani, amempa mgongo.

Nsimire akasoma tena yale masharti. Meli haisubiri. Akayasoma kwa sauti, mara mbili, kama anayemsomea mtu aliye mbali.

"Sasa mimi namwandikia nini kwenye kitu kinachoondoka?" akasema. "Nimwache tena?"

Akamkata. Mstari mmoja, umenyooka. Kisha akaketi dakika nzima akishika kifua, akisubiri jambo baya litokee. Kengele ya mzee wa chumba cha nne ikalia, anataka chooni, naye akaenda.

Alipofika nyumbani hakupanda ngazi. Alisimama mbele ya sanduku la barua namba saba. Kwenye kikaratasi chake kulikuwa na majina matatu, la kwake, la Généreuse, na la tatu jua lilikuwa limelila mpaka likabaki kivuli. Akatoa peni kwenye mkoba. Akaandika CIRHUZA, herufi kubwa, akizipitia mara mbili mbili mpaka karatasi ikaloa. Jengo la matofali haliendi popote.

Akatoa simu, akampigia Wangari.

"Mama Njenga. Yale maboya ya kuvaa, wanakuvalisha wenyewe ama unajivalisha?"

"Unajivalisha. Kwa nini?"

"Waambie miye nataka mawili."